Mgongo wa binti yangu unazidi kupinda. Nitampataje daktari anayefaa kumfanyia upasuaji?

Shikamoo mama,

Naandika kwa ajili ya binti yangu mwenye miaka 12. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anamsuka, ghafla akaniita: "Dada, hebu njoo uone huku mgongoni." Mtoto alikuwa ameinama, na upande wa kulia wa mgongo ulikuwa umeinuka kuliko wa kushoto, mbavu zimejitokeza. Tulipomsimamisha tukaona bega moja liko juu na kiuno kimeingia ndani upande mmoja tu.

Hospitali walimpiga eksirei. Daktari akasema ni skoliosisi, uti wa mgongo umepinda kwa nyuzi 34, turudi baada ya mwaka kwa kuwa wengine hutulia wenyewe. Mwaka haukuisha. Baada ya miezi minane sketi ya shule ikawa inakaa upande, pindo moja juu moja chini, nikampeleka hospitali nyingine. Eksirei ya pili inasoma nyuzi 49. Hajavunja ungo bado. Maumivu hana, anakimbia na wenzake, ila siku hizi hakubali kubadilisha nguo mbele ya mtu, na sweta haivui hata kukiwa na joto.

Daktari wa mifupa tuliyemwona mara hii ni mtu mwema. Alisema bila kuficha kwamba mtoto atahitaji upasuaji na kwamba yeye anaweza kuufanya, lakini kazi yake kubwa ni mifupa iliyovunjika na magoti; migongo ya watoto ameifanya michache. Tangu siku hiyo nyumbani hatuelewani. Mume wangu hataki kulisikia neno upasuaji, anasema mtoto atapooza. Mama mkwe anamjua mtu anayenyoosha migongo kwa kukanda. Jirani ananiambia nitafute hospitali kubwa kuliko zote. Mimi hata pa kuanzia sipajui. Nitamjuaje daktari anayefaa? Nikimwomba huyu wa sasa aniandikie barua ya kwenda kwa mwingine, si nitakuwa nimemdharau? Tuna muda gani? Na mtoto nimwambie nini? Kila siku ananiuliza kama atakuwa mlemavu.

Mama mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali la muda, maana ndilo linalokukosesha usingizi. Hali ya binti yako inataka haraka, lakini si dharura. Una wiki kadhaa za kutafuta kwa utulivu, ila huna mwaka wa kusubiri. Dharura ni pale miguu inapolegea au kufa ganzi, mtoto anaposhindwa kuzuia mkojo au choo, anapoishiwa pumzi bila sababu, au mgongo unapomuuma kiasi cha kumwamsha usiku. Ukiona mojawapo ya hayo, usisubiri miadi yoyote. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuziangalie zile namba zako mbili, kwa sababu kila daktari utakayemwona ataanza nazo. Nyuzi hizo zinaitwa pembe ya Cobb, kwa jina la daktari wa Marekani, John Robert Cobb, aliyeueleza upimaji wake mwaka 1948. Kwenye eksirei daktari huchora mstari juu ya pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa pindo, mwingine chini ya pingili iliyoinama zaidi upande wa chini, kisha hupima pembe iliyopo kati yake. Madaktari wawili wakiipima picha hiyo hiyo wanaweza kutofautiana hata nyuzi 5, kwa hiyo kupanda kwa nyuzi mbili tatu kusimtishe mzazi. Lakini kutoka 34 hadi 49 ndani ya miezi minane si kosa la rula. Mgongo unaenda kasi. Na kwa kuwa mtoto hajavunja ungo, huenda sehemu kubwa ya kurefuka kwake bado iko mbele, na pindo hukimbia zaidi wakati mtoto anaporefuka.

Pembe ikifika nyuzi 45 hadi 50, ndipo madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji. Sababu ni kwamba pindo la nyuzi 50 na zaidi kwa kawaida haliishii pale mtoto anapoacha kukua. Huendelea polepole utu uzimani, kwa wastani wa nyuzi kama 1 kwa mwaka. Wakati huo mgongo umekakamaa na kazi ni ngumu zaidi.

Hapa niseme jambo kwa wazazi wengine wanaosoma. Mtoto anayekua, mwenye pembe kati ya nyuzi 25 na 40, hapaswi kuambiwa "rudi baada ya mwaka" na kuachwa hivyo. Hicho ndicho kipindi cha kizibao kigumu cha plastiki, kile kinachobana kiwiliwili na kuvaliwa sehemu kubwa ya siku. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 72 ya watoto waliopewa kizibao walimaliza kukua bila pembe kufika nyuzi 50, wakati kwa wale waliofuatiliwa tu ilikuwa asilimia 48. Waliokivaa saa 13 na zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi ya asilimia 90. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshajulikana. Inaniuma kila ninapopata barua ya mtoto aliyepita umri huo bila hata kuambiwa kwamba kizibao kipo. Wewe hukukosea, mwanangu. Ulifuata ulichoambiwa, na ulirudi mapema kuliko ulivyoagizwa.

Kuhusu kukandwa, mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba tatizo haliko kwenye nyama. Pingili zenyewe zimeinama na pia zimejizungusha, zikavuta mbavu pamoja nazo, ndiyo maana mtoto akiinama upande mmoja unapanda. Mikono haiwezi kuzirudisha, na atakayejaribu kuunyoosha mgongo huo kwa nguvu anaweza kumuumiza. Mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo ni mazuri kwa misuli na pumzi. Pembe ya nyuzi 49 hayataiondoa.

Tuje kwenye swali lenyewe: nani amfanyie?

Jirani anakuelekeza kwenye jengo. Wewe tafuta mtu na wenzake anaofanya nao kazi. Hospitali inaweza kuwa na ghorofa nyingi na mashine mpya, lakini mgongo wa mtoto ukafunguliwa pale mara moja moja tu. Unamtaka daktari ambaye kunyoosha migongo ya watoto ndiyo kazi yake ya kila wiki, awe bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa neva, maana wote wawili wanaweza kubobea humo. Na unataka chumba chenye watu waliozoeana: daktari wa usingizi aliyezoea watoto, wauguzi wanaovijua vifaa hivyo, fundi wa kufuatilia neva, damu iliyoandaliwa, na kitanda cha wagonjwa mahututi kwa watoto endapo kitahitajika usiku ule.

Pa kuanzia ni huyo huyo daktari wako. Aliyekwambia "nimefanya michache" amekutendea wema mkubwa, na mtu wa namna hiyo hakasiriki ukimwomba rufaa. Mwambie: "Daktari, nakushukuru kwa kuniambia ukweli. Kama angekuwa mwanao, ungempeleka kwa nani?" Kisha nyamaza umsikilize. Madaktari wanajuana kazi zao kuliko tangazo lolote linavyoweza kukueleza. Mwombe pia aendelee kuwa daktari wenu wa karibu, kwa sababu baada ya upasuaji utamhitaji wa kukagua kidonda na kupiga picha za ufuatiliaji.

Kama hana jina la kukupa, uliza kitengo cha mifupa ya watoto katika hospitali ya chuo kikuu cha udaktari, au chama cha madaktari wa mifupa cha nchi yako. Kipo pia chama cha kimataifa cha madaktari wa matatizo haya ya mgongo, Scoliosis Research Society, kilichoanzishwa mwaka 1966. Kina wanachama katika nchi nyingi, na orodha yao iko wazi kwa umma, unaitafuta kwa nchi. Jina kuwa kwenye orodha hiyo halimalizi maswali yako, lakini ni mwanzo mzuri kuliko kubahatisha. Na ukiambiwa kuna timu ya madaktari wageni inayokuja kupasua na kuondoka, swali la kwanza liwe hili: wakishaondoka, nani atamwangalia mtoto kidonda kikipata usaha wiki ya pili? Anayekutaka usafiri mbali naye akupe jina la daktari atakayempasua mtoto na gharama yote kwa maandishi, na daktari huyo awe ameziona picha kabla hujatoa chochote. Wakala anayeomba fedha kabla picha hazijasomwa, achana naye.

Ukishapata jina, tayarisha bahasha moja. Weka eksirei zote mbili, ya zamani na mpya, maana ile ya zamani ndiyo inayoonyesha kasi. Ziwe za mgongo mzima, mtoto akiwa amesimama, moja ya mbele-nyuma na moja ya ubavu. Omba mafaili yenyewe kwenye sidii au flashi. Picha ya simu iliyopigwa filamu ikiwa imeegeshwa dirishani haipimiki vizuri. Andika tarehe ya kuzaliwa, urefu wake sasa na wa mwaka jana kama unaukumbuka, kwamba hajavunja ungo, magonjwa na dawa, na kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye mgongo kama huo. Jambo hili hutembea katika familia, kwa hiyo wadogo zake nao wainamishe mbele, miguu pamoja, mikono ikining'inia, uwaangalie kwa nyuma kama upande mmoja umepanda.

Muulize pia daktari kuhusu MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha picha za neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo. Si kila mtoto anayeihitaji kabla ya kuwaza upasuaji, ila pindo likienda kasi kama hili, au likielekea kushoto kifuani, au mtoto akiwa na maumivu au udhaifu wa miguu, huwa wanataka kuhakikisha hakuna tatizo ndani ya njia ya neva kabla ya kugusa pingili. Na kwa kuwa atapigwa eksirei nyingi mpaka amalize kukua, omba zipigwe mionzi ikiingilia mgongoni, ili matiti yake yanayoanza kukua yapate mionzi kidogo zaidi.

Siku ya kumwona daktari bingwa, nenda na baba yake. Usimsimulie ukirudi. Aende, akae kwenye kiti, na lile swali la kupooza aliulize mwenyewe.

Wewe uliza haya, na uandike majibu. Kwa mwaka unafanya migongo mingapi ya watoto wa umri huu? Wangapi walirudi tena chumba cha upasuaji, na kwa nini? Utaunganisha kuanzia pingili ipi hadi ipi, na kwa nini uishie hapo? Wakati wa upasuaji nani anafuatilia neva, na ishara ikishuka mnafanya nini? Tusipofanya, mgongo huu utakuwaje akifika miaka 20? Tukishatoka hospitali, usiku nampigia nani? Msikilize anavyojibu. Anayekasirika kwa kuulizwa, mshukuru uondoke. Anayekuahidi kwamba hakuna hatari hata kidogo, ondoka pia, maana hakuna upasuaji wa namna hiyo.

Hofu ya mume wako ni ya haki na inastahili jibu kamili. Kwa mtoto asiye na ugonjwa mwingine, akiwa mikononi mwa timu iliyozoea, hatari ya kuumia neva ni chini ya mtoto 1 katika 100, na baadhi ya hao hupata nafuu baadaye. Mwombe daktari akupe takwimu zake mwenyewe. Kinachopunguza hatari hiyo ni ule ufuatiliaji niliokuambia uulizie. Mtoto akishalala, fundi humbandika vipokezi kichwani, mikononi na miguuni, kisha mashine hutuma mapigo madogo ya umeme kutoka kichwani kwenda miguuni na kutoka miguuni kwenda kichwani, muda wote daktari anapofanya kazi. Mistari kwenye kioo ikianza kupungua, fundi husema palepale. Daktari husimama, shinikizo la damu hupandishwa, na chuma kilichovutwa hulegezwa. Zipo timu ambazo, zikibaki na shaka, hupunguza dawa ya usingizi kidogo na kumwambia mtoto achezeshe vidole vya miguu, halafu humlaza tena. Kusiwepo ufuatiliaji wa aina yoyote, mimi nisingempeleka mtoto wangu pale.

Kuhusu upasuaji wenyewe: hulazwa kifudifudi, hufunguliwa katikati ya mgongo, skrubu zikaingizwa kwenye pingili, fito mbili za chuma zikapita juu yake, mgongo ukavutwa na kuzungushwa kurudi karibu na pale unapotakiwa kuwa. Kisha huwekwa chembe za mfupa ili pingili zile ziungane ziwe mfupa mmoja. Mara nyingi huchukua saa 4 hadi 6. Zamani, fito za kwanza za Paul Harrington wa Texas zilipoenea miaka ya 1960, watoto walikaa kwenye plasta miezi mingi. Siku hizi mtoto husimamishwa kando ya kitanda siku inayofuata au ya pili yake, na mambo yakienda vizuri hurudi nyumbani ndani ya wiki moja. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, nakwambia ukweli: ataumwa, atalia, atakataa kugeuzwa. Uliza mapema mpango wao wa dawa za maumivu. Shule ni baada ya wiki 4 hadi 6 kwa wengi, michezo ya nguvu ni baada ya miezi kadhaa kwa ruhusa ya daktari. Vyuma kwa kawaida havitolewi.

Mgongo hautanyooka kama rula, ila utapungua kupinda sana, na wengi huamka wamerefuka sentimita kadhaa. Sehemu iliyounganishwa haitapinda tena wala kukua. Miguu na sehemu nyingine zitaendelea. Uzazi pia, najua utauliza: ndiyo, wanawake waliofanyiwa upasuaji huu hubeba mimba na kujifungua. Cha muhimu ni kumwambia mapema daktari wa usingizi, kwa kuwa sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kuwa ngumu kupata njia.

Utasikia pia habari za kamba laini inayofungwa ubavuni mwa pingili badala ya kuziunganisha, ili mgongo ujinyooshe kadiri mtoto anavyokua. Marekani waliidhinisha kifaa hicho mwaka 2019. Kwa kuwa binti yako bado anakua, ni halali kuuliza kama inamfaa. Haifanyiki kila mahali, matokeo yake ya miaka mingi bado yanakusanywa, na baadhi ya watoto hurudi kufanyiwa upasuaji mwingine.

Majibu haya wasiyachukue wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 10, waliozaliwa na pingili zisizokamilika, au wenye mtindio wa ubongo. Kwa mdogo, kuunganisha mgongo mapema hubana kifua na mapafu yasikue, hivyo madaktari hutumia plasta za kubadilishwa au fito zinazorefushwa. Aliyezaliwa na pingili zisizokamilika lazima aangaliwe pia figo na moyo. Hao wanahitaji daktari wa mgongo wa watoto mapema zaidi, hata kama upasuaji uko mbali.

Ukiwekwa kwenye foleni ndefu, uliza apigwe picha nyingine baada ya miezi 4 au 6, na pembe ikipanda wajulishe kwa maandishi. Wakati mnasubiri, apimwe wingi wa damu na uwezo wa mapafu, ale ashibe, na meno mabovu yatibiwe.

Na mtoto mwambie ukweli, kwa maneno yake. Mwambie hakujisababishia: si mkoba wa shule, si kukaa vibaya, wala si kitu ulichofanya wewe ulipokuwa na mimba yake. Kwa wengi wenye umri wake chanzo hakijulikani. Kuhusu ulemavu, mwambie anakimbia leo, na mnatafuta daktari ili aendelee kukimbia. Mpe daftari aandike maswali yake mwenyewe, hata lile la kovu na la nguo gani ataweza kuvaa, na mwombe daktari ampe dakika chache wazungumze huku wewe umenyamaza. Halafu uliza kliniki kama yupo msichana aliyekwisha kupitia upasuaji huu ambaye yeye na wazazi wake wako tayari kuzungumza naye. Yapo mambo atakayomuuliza huyo ambayo wewe na mimi hatuulizi.